Ukarabati wa nyumba ya zamani ya mawe mjini Mwanza: kuisoma, kuikausha na kuipiga chokaa

Kinachoziua nyumba nyingi za zamani za Mwanza ni saruji. Lipu inabanduka chini ya dirisha, mwenye nyumba anamwita fundi, fundi anakwangua, anapiga lipu ya saruji na rangi ya plastiki juu yake. Zikipita masika mbili ukuta umevimba tena, safari hii nusu mita juu zaidi. Watu husema nyumba imechoka. Nyumba haijachoka, imezibwa pumzi.

Sababu iko kwenye mawe yenyewe. Mawe ya Mwanza ni matale (graniti), na itale karibu halinywi maji. Kuta za matumbawe kule Zanzibar hunyonya na kutoa unyevu kwa jiwe lenyewe. Ukuta wa Mwanza hauna njia nyingine ila maungio ya chokaa au udongo yaliyo kati ya jiwe na jiwe. Ukiyaziba kwa saruji, maji yanayopanda kutoka ardhini na yanayoshuka kutoka juu hayana pa kutokea. Yatakaa ndani yakilainisha udongo wa katikati ya ukuta, huku yakitafuta pa kupasukia.

Kwa hiyo kazi ina mpangilio wake: jua kwanza ukuta umejengwa kwa nini, zuia maji, subiri ukauke, ndipo ushike mwiko. Anayeanza na mwiko atalipa mara mbili.

Kuisoma nyumba

Mwanza ilianza kuwa kituo cha utawala wa Wajerumani mwaka 1892, Waingereza wakaiteka Julai 1916, na reli ya kutoka Tabora ikafika 1928. Kabla ya reli hiyo, mzigo mzito ulikuja kwa maji. Reli ya Uganda, iliyotoka Mombasa, ilifika Kisumu mwishoni mwa 1901, na meli kama Sybil na Clement Hill zikawa zinabeba shehena kwenda bandari za ziwa. Bati, chuma na saruji vilikuwa vitu vya gharama, mawe yalikuwa bure mlimani. Ndiyo maana nyumba za mwanzo zina kuta nene za mawe, sentimita 45 hadi 60, na saruji kidogo mno. Hata baadaye saruji iliendelea kutoka nje. Kiwanda cha kwanza nchini, cha Wazo Hill jijini Dar es Salaam, kilianza kazi 1966.

Nyumba za wafanyabiashara wa Kihindi zilizojaa katikati ya mji zina ramani moja inayojirudia. Mbele ni baraza, mara nyingi lenye nguzo na paa linalofunika njia ya waenda kwa miguu. Nyuma ya baraza kuna duka lenye milango mipana ya mbao ya kukunja, kisha stoo, kisha vyumba vya familia, na mwisho uani penye jiko, choo na kisima au tangi. Ghorofa iliongezwa mali ilipoongezeka, na hapo huingia ngazi ya mbao na roshani. Ukuta wa mbele hupanda juu ya paa na kulificha, na huko juu aghalabu kuna mwaka wa ujenzi na hata jina la mwenye nyumba. Uangalie mwaka huo kwa makini: unaweza kuwa wa ghorofa ya juu tu, na chini yake pakawa na duka la zamani zaidi. Kona za mviringo, mistari mirefu ya mlalo na vivuli vya zege juu ya madirisha ni mtindo wa kuanzia miaka ya 1930.

Ushahidi mwingine upo mahali pasipoonekana. Panda darini na tochi. Bati la zamani ni zito, geji 24 yenye unene wa takriban milimita 0.6, wakati mabati mengi ya leo ni geji 28 hadi 32, yaani membamba zaidi. Tafuta mihuri ya kiwanda upande wa chini wa bati na kwenye mihimili ya chuma. Ukikuta jina la Dorman Long, chuma hicho kilitoka Uingereza. Pima mbao: vipimo vinavyokaa sawasawa kwenye inchi, kama 2 kwa 4 au 3 kwa 6, ni kawaida, lakini mbao iliyorandwa kwa mkono ina mawimbi madogo unayoyahisi kwa kiganja.

Kisha jaribu maungio. Chagua sehemu tatu: karibu na sakafu, katikati na karibu na dari. Kwangua kwa msumari mpaka ndani sentimita tatu, maana juu panaweza kuwa pamerudiwa. Toa kipande chenye ukubwa wa harage ukitie kwenye glasi ya maji, ukiache mpaka asubuhi. Udongo utayeyuka na kuwa tope. Chokaa itabaki kipande, ila ukiibana kwa vidole inavunjika na kuacha unga mweupe. Saruji itabaki ngumu na ya kijivu. Kuta nyingi ni mchanganyiko: udongo ndani, chokaa usoni, na saruji ya miaka ya karibuni juu ya chokaa. Andika ulichokikuta kila mahali, kwa sababu kila aina inatengenezwa kwa namna yake.

Kabla ya kugonga nyundo

Hakikisha nyumba ni ya nani. Kwa sheria ya utwaaji wa majengo ya 1971 serikali ilichukua majengo mengi ya kupangisha yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 kazi hiyo ikaingia Shirika la Nyumba la Taifa. Kwa hiyo familia inaweza kuwa imekaa humo vizazi vitatu ikiwa mpangaji. Fanya upekuzi wa hati ofisi ya ardhi kwanza. Kibali cha ujenzi kinategemea upande: katikati ya mji ni Halmashauri ya Jiji la Mwanza, Kirumba na kwingineko upande wa kaskazini ni Manispaa ya Ilemela. Piga picha kila ukuta, ndani na nje, ukiwa umeegemeza rula au mti wa kupimia ili vipimo vionekane.

Panga kazi kwa majira. Vuli inaanza Oktoba hadi Desemba, masika Machi hadi Mei. Paa na mifereji vifanywe Juni, chokaa ipigwe Julai mpaka mwanzoni mwa Septemba. Chokaa iliyopigwa Novemba itanyeshewa kabla haijashika.

Maji ya juu

Fanya hesabu: mvua ya milimita moja juu ya paa la mita za mraba 100 ni lita 100. Dhoruba moja ya milimita 50 ni lita 5,000, na katika nyumba yenye ukuta wa mbele unaoficha paa, sehemu kubwa ya maji hayo hukimbilia kwenye gata, yaani mfereji wa maji ya paa, lililojificha nyuma ya ukuta huo. Hilo ndilo gata linalovuja kuliko yote, na hakuna anayeliona kutoka barabarani.

Lisafishe lote. Utakuta majani, matope, viota vya kunguru, na kama korongo wanatua jirani, mifupa na vijiti vya kutosha kuziba bomba. Mwaga ndoo ya maji mwisho wa juu utazame: gata lishuke angalau sentimita moja kwa kila mita mbili, na maji yasituame popote. Kila bomba la kushusha maji la milimita 100 lihudumie paa lisilozidi mita za mraba 40 hivi. Kisha toboa tundu la dharura kwenye ukuta wa mbele, sentimita 5 chini ya ukingo wa gata, ulitie kipande cha bomba kinachotokeza nje sentimita 10. Bomba likiziba usiku, maji yatamwagikia barabarani na kila mtu ataona, badala ya kushuka ndani ya ukuta kimya kimya. Ni kitu cha bei ndogo na kinaokoa nyumba nzima.

Juu kabisa ya ukuta huo weka kofia yenye mteremko kuelekea ndani, kwenye gata, na mchirizi upande wa chini wa ukingo wake ili maji yadondoke yasitambae ukutani. Hapo, na hapo tu, mchanganyiko wenye saruji unakubalika.

Bati geji 24 lenye kutu ya juu juu usilitupe. Piga brashi ya waya, paka rangi ya kuzuia kutu, badilisha misumari iliyolegea kwa mirefu yenye washa za mpira. Bati jipya la geji 32 halitafika umri wake. Lakini ukikuta mabamba ya kijivu ya asbesto, usiyakate, usiyatoboe, usiyapige brashi. Yaloweshwe, yateremshwe mazima na watu waliojikinga, na halmashauri ielekeze pa kuyapeleka.

Maji ya chini

Mji umekaa mlimani, kwa hiyo ukuta wa nyuma wa nyumba nyingi umezuia udongo. Angalia kama ardhi ya nje iko juu kuliko sakafu ya ndani. Miaka ya kutupa kifusi na kusakafia uani huweza kuipandisha sentimita 30 au zaidi. Ishushe mpaka iwe sentimita 15 chini ya sakafu. Kama haiwezekani, chimba mfereji umbali wa nusu mita kutoka ukutani, upana sentimita 30, kina kidogo chini ya usawa wa sakafu lakini usivuke chini ya msingi, maana utaung'oa. Mteremko uwe sentimita moja kwa mita. Tandika bomba lenye matundu, jaza kokoto zilizooshwa, funika kwa kitambaa cha kuchujia kabla ya kurudisha udongo. Bila kitambaa tope litaziba kokoto baada ya masika chache.

Nyufa nazo zina tabia yake hapa. Upande mmoja wa nyumba huweza kukalia mwamba na upande mwingine udongo wa kujaza, na upande wa udongo ndio unaozama. Ufa hutokea pale pale mwamba unapoishia, unapanda kwa ngazi kupitia maungio, na ni mpana zaidi juu kuliko chini. Usiuzibe kwanza. Chora mstari wa penseli kukatisha ufa, andika tarehe na upana wake kwa milimita, pima kila mwezi kwa masika moja na kiangazi kimoja. Ukibaki vile vile, jaza. Ukiongezeka milimita mbili au zaidi, mwite mhandisi, na kabla hajafika kagua bomba la maji taka linalopita upande huo. Mara nyingi ndilo linalolainisha udongo.

Kubandua na kukausha

Anza kwa kugonga lipu kwa mpini wa nyundo. Inayolia wazi imeachana na ukuta. Bandua saruji kwa tindo na nyundo ya kilo moja, ukielekeza tindo pembeni, si kuelekea ndani. Mashine ya kutoboa inatikisa mawe na kulegeza moyo wa ukuta. Lipu ya chokaa ya zamani iliyoshika vizuri iache, hata kama ni kipande cha mita moja katikati ya ukuta. Rangi za zamani zinaweza kuwa na sumu ya madini ya risasi. Usizipige msasa mkavu, lowesha kwanza, na watoto wasikae karibu.

Acha ukuta wazi. Ukuta wa sentimita 50 uliozibwa miaka mingi unahitaji kiangazi chote, madirisha yakiwa wazi mchana, na chokaa yake ingoje kiangazi kinachofuata. Chumvi nyeupe ikitoka, ipanguse kwa brashi kavu uikusanye uitupe mbali. Ukiiosha kwa maji umeirudisha ndani.

Chokaa

Chokaa bora ni ya mawe yaliyochomwa, unayoizima kwa maji mwenyewe. Tumia pipa la chuma, jaza maji nusu, kisha tia chokaa kidogo kidogo ndani ya maji huku ukikoroga kwa mti mrefu. Kamwe usimwage maji juu ya chokaa, italipuka usoni. Inachemka kweli, kwa hiyo miwani, glavu, mikono mirefu, na ndoo ya maji safi ya kuoshea macho iwe karibu. Ikipoa ichuje kwa wavu, ifunike kwa maji sentimita 5 na uiache angalau miezi mitatu. Vipunje ambavyo havijazimika vikiingia ukutani vitakuja kuzimika huko na kuacha vishimo vidogo kama vya tetekuwanga.

Usipoipata, chokaa ya mfuko inafaa, mradi ni mpya. Iliyokaa dukani mwaka mzima imeshaanza kurudi kuwa mawe. Loweka kilo 25 kwa maji kiasi hicho hicho, uifunike siku nzima au zaidi. Utapata takriban lita 35 za rojo, yaani chokaa nzito iliyolowa.

Mchanga uwe wa kukwaruza, wenye punje kubwa na ndogo pamoja. Ule laini wa ufukweni ni wa mviringo na haushikani, na isitoshe sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli kama kuchimba mchanga ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Nunua wa mtoni uliotoka machimbo yenye kibali. Uujaribu: jaza chupa ya kioo mchanga nusu, ongeza maji, tikisa, uache saa chache. Tope la juu likizidi sehemu moja ya kumi na mbili ya kimo cha mchanga, uoshe. Uzuri mmoja wa ziwa letu ni kwamba maji yake hayana chumvi, kwa hiyo balaa ya mchanga wa pwani hatunayo.

Kipimo ni rojo ndoo moja kwa mchanga ndoo tatu. Kwenye kuta zinazopigwa na mvua na kwa nusu mita ya chini, ongeza unga wa tofali: tofali za kuchoma zilizoiva kwa moto wa wastani, nyekundu ya kawaida na si nyeusi ya kuungua, zitwangwe na kuchekechwa kwa chekeche la unga. Vipimo viwe rojo 1, unga wa tofali 1, mchanga 2. Mafundi wa Kihindi waliufahamu mchanganyiko huu na waliuita surkhi. Unaifanya chokaa ishike hata penye unyevu.

Usiongeze maji. Rojo lina maji ya kutosha, lakini mwanzoni mchanganyiko utaonekana mkavu na fundi atashika ndoo. Mzuie. Ponda kwa mwichi wa mti au kisigino cha chepe dakika 20, nao utalainika wenyewe.

Mita moja ya ukuta, hatua kwa hatua

Ondoa uozo kwenye maungio mpaka kina cha mara mbili ya upana wake, kisipungue sentimita 2.5. Piga brashi, kisha lowesha, kuanzia jana yake na tena nusu saa kabla ya kazi. Jiwe la itale halinyonyi, kwa hiyo halihitaji maji mengi. Ungio ndilo linalohitaji. Likiwa na unyevu bila kung'aa, sukuma chokaa ndani kwa ulimi mwembamba wa chuma, ukishindilia hadi hakuna uwazi. Penye ungio pana kuliko sentimita 2 usijaze chokaa tupu, itapungua na kupasuka. Pigilia vijiwe vyembamba vya itale vilivyopakwa chokaa, vikae kwa kubana. Ukiutazama ukuta wa zamani uliojengwa vizuri utaviona vijiwe hivyo vimezunguka kila jiwe kubwa. Vimewekwa kwa kazi, si kwa urembo. Lichape ungio kwa brashi ngumu kesho yake, likianza kukaza, ili uso wake uwe wa kukwaruza na upumue.

Baada ya wiki piga koti la kwanza la lipu, milimita 10, kwa kulirusha kwa mwiko na si kulipaka. Uso wa itale unateleza, na kinachoishikisha chokaa ni nguvu ya kurushwa. Kwaruza uso wake kwa mistari ya kukatizana. Funika kwa magunia yaliyoloweshwa yakining'inia sentimita chache mbele ya ukuta, yanyunyizie asubuhi na jioni kwa siku tano hadi saba. Kiangazi upepo wa kusini unakausha ukuta kwa saa chache, na chokaa iliyokauka kabla ya kushika inabaki unga milele.

Koti la pili, milimita 8, baada ya siku 10 au la kwanza likikataa kuingia kucha. La mwisho ni niru, milimita 2 au 3, rojo 1 kwa mchanga laini 1, lisuguliwe kwa kibao cha mti.

Kwa mita za mraba 10, ukihesabu mabonde ya ukuta, andaa mchanga ndoo 13 za lita 20 na rojo ndoo 4 na kidogo; mifuko mitatu ya kilo 25 inatosha.

Lipu ikipata nyufa kama utando ndani ya siku mbili, mchanga ni laini mno au koti ni nene. Isugue tena ingali na unyevu. Ikibanduka kama chapati, koti la chini lilikuwa kavu au halikukwaruzwa. Fundi akisema aongeze saruji "kidogo tu ishike", jibu ni hapana: inashika siku ile, na pumzi ya ukuta inakwenda nayo.

Yaliyobaki

Rangi ni chokaa ya maji: rojo 1 kwa maji 4, mpaka iwe kama maziwa. Makoti manne au matano mepesi, siku moja kati ya kila koti, ukuta ukiwa na unyevu. Ukitaka manjano au waridi, ongeza poda ya oksaidi isiyozidi sehemu moja kwa kumi ya rojo. Rangi ya plastiki isikaribie.

Fremu na shata za mvule au mninga huoza miguuni tu. Kata mpaka kwenye mbao nzima, unga kipande cha mti ule ule kwa mkato wa mshazari wenye urefu wa mara tatu ya unene, gundi isiyoogopa maji na vigingi vya mti. Mihimili ya chuma juu ya milango ikipata kutu huvimba na kupasua ukuta. Ifunue, isafishe mpaka ing'ae, ipake rangi ya kuzuia kutu makoti mawili kabla ya kuifunika. Matundu ya hewa chini ya dari yafunguliwe na yatiwe wavu wa kuzuia popo.

Sakafu nyekundu ya zamani usiifunike kwa vigae vya kung'aa juu ya karatasi ya nailoni. Unyevu uliokuwa ukitoka polepole sakafuni utahamia kwenye kuta ulizozitengeneza. Jaza nyufa, sugua kwa nta, iache.

Kila Septemba safisha gata, mwaga ndoo ya kujaribu, na ongeza koti moja la chokaa ya maji upande unaopigwa na mvua.